Taa Tisa na Chura Mmoja

Harm Tebbens,
Mpeleka Barua Mstaafu,
Ng'ambo ya Mfereji, nyumba ya mlango wa buluu,
Groningen.

Jumatatu, tarehe 1 Desemba.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Usalama wa Baiskeli,
Mtaa wa Kraanvogel.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye pia ni binti yangu Jantine,

YAH: KUZUIWA KUMBEBA MJUKUU WANGU KWENYE BAISKELI

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Nimepokea barua yako ya Alhamisi iliyopita, iliyopigwa chapa na kutiwa mhuri wa Kamati. Sikujua kama Kamati ina mhuri. Umeandika kwamba mimi, mwenye umri wa miaka sabini na moja, sitaruhusiwa kumbeba Jikke, mwenye umri wa miaka sita, kutoka bwawa la kuogelea siku za Jumatano "mpaka mhusika atakapochagua taa zinazofaa na kukaguliwa." Mhusika ndiye mimi. Barua hiyo niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena, na haikuwa nzuri zaidi nikiwa nimekaa.

Kabla sijaanza, naomba Kamati ikumbuke inazungumza na nani. Nimepeleka barua za mji huu kwa baiskeli kwa miaka thelathini na minane, alfajiri za giza totoro, barafu chini na mvua inayopiga kwa ubavu. Katika muda wote huo nilipata ajali moja tu, nayo ilisababishwa na bata bukini. Bata huyo hakuwa na taa.

Kamati ielewe pia Jumatano ni kitu gani kwangu. Tangu mama yako atutoke, Jumatatu ni ya kufua, Jumanne ni ya kwaya, Ijumaa ni ya samaki, na siku zilizobaki ni za kungojea Jumatano. Jikke hukaa nyuma kwenye keria, nywele zimelowa chini ya kofia, akila mkate wenye chembe za chokoleti. Nusu ya chembe huniingia kwenye kola. Njia nzima ananisimulia alivyopiga mbizi na kupita kwenye lile tundu la turubai wanalotundikiwa ndani ya maji bila kufumba macho. Sina kitu kingine kama hicho katika wiki yangu. Nalisema hili wazi ili isije ikadhaniwa kwamba nagombana kwa sababu ya taa tu.

Baada ya utangulizi huo, malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kuchagua kwenyewe. Mwezi Oktoba nilikwenda dukani kama ulivyoagiza. Dada wa pale, mpole sana, aliniuliza: "Mzee, unataka taa ya kuona au taa ya kuonekana?" Nikamwambia sitaki hata moja. Njia naijua, kwa hiyo sina haja ya kuona. Na watu wananijua, kwa hiyo sina haja ya kuonekana. Akafikiri kidogo, akasema basi nahitaji zote mbili. Akanitolea taa za betri, taa za chaji, taa za sumaku, taa za kubana kwenye koti na taa za kufunga kwenye spoki za gurudumu. Baada ya saa mbili nilirudi nyumbani na kengele. Ni kengele nzuri, na gizani inasikika vilevile kama mchana.

2. Kuitwa mtu asiye na taa. Taa ninayo. Ni ile ya dainamo kwenye baiskeli ya marehemu mama yako, inayosugua tairi na kuimba njia nzima, na ilikuwa ikiwaka kabla wewe hujazaliwa. Ina kasoro moja tu: ukisimama, nayo inazima. Sasa fuatana nami taratibu, Mheshimiwa. Sheria inataka niwe na taa inayowaka. Taa inataka niwe natembea. Taa nyekundu ya makutano inataka nisimame. Raia mwema afanye nini? Mimi niliamua kuzunguka. Nikifika makutanoni nazunguka duara palepale, polepole, mpaka kijani kiwake. Jioni moja mwanafunzi alinikuta katika hali hiyo, akadhani ni utaratibu mpya wa jiji, akaingia nyuma yangu. Kijani kilipowaka tulikuwa saba, na mmoja wetu alikuwa amebeba godoro. Sikuona ni kazi yangu kueleza.

3. Masharti ya mahali pa kufunga. Katika kukutii, nilivaa taa ya kichwani kama wachimba madini. Askari aliyekuwa akikagua taa karibu na stesheni alinisimamisha, akaniamkia vizuri, akanieleza kwamba taa isikae kichwani, wala mkononi, wala mguuni, na isiwe ya kukonyeza. Mahali pake ni kifuani na mgongoni, au kwenye baiskeli yenyewe. Nikarudi nyumbani nikazibana kwenye koti zile ulizoniazima, nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Tatizo ni kwamba koti lilikuwa limetundikwa mlangoni na lilikuwa limenipa mgongo. Hivyo Bi Oosterhof wa namba kumi na mbili aliona taa nyeupe pembeni mwa mtaa, akasimama kwa hisani yake anipishe nije, wakati mimi nilikuwa naenda zangu. Anasema alisimama kitambo kirefu, tena kwenye manyunyu. Mpaka leo hajaniamkia.

4. Kuonekana. Nilipokuwa gizani nilikuwa mstaafu kamili. Nilipoanza kuwaka, mtaa mzima ukakumbuka kwamba niliwahi kupeleka barua. Nikipita, dirisha linafunguliwa: "Harm, kwa kuwa unaelekea hukohuko..." Katika wiki moja nilipeleka vifurushi vinne, kadi mbili za rambirambi na sufuria ya supu ya njegere iliyokuwa bado moto. Pensheni yangu haisemi lolote juu ya supu.

5. Sikukuu yangu ya kuzaliwa. Ulikuwepo. Viti vilipangwa duara na, kama ilivyo desturi yetu, kila mgeni akampongeza kila mgeni mwingine kwa kuzaliwa kwangu, kahawa ikapita na keki kipande kimojakimoja, kisha zawadi zikafunguliwa. Zilikuwa taa. Ulikuwa umewapigia watu simu, Jantine, usikatae. Zako zilikuwa mbili kwenye sanduku jeupe, na maelekezo kwa lugha kumi na nne. Wanakwaya walileta fulana yenye taa mbili mabegani. Bi Oosterhof, pamoja na kuninunia, alileta tatu. Na mjomba wako Geert, ambaye amemaliza maisha yake yote kwenye boti la mizigo, alileta mbili za boti, nyekundu na kijani, nzito kama matofali. Jumla taa tisa kwa mtu mwenye baiskeli moja. Jikke naye alinipa chura wa mpira wa kufunga kwenye usukani, anayewaka macho. Chura simhesabu, kwa kuwa ni mchezo wa mtoto.

Sasa niambie, Mheshimiwa, ningeacha ipi? Ukifunga ya wanakwaya ukaacha ya Bi Oosterhof, utalisikia jambo hilo mpaka Pasaka. Nilizifunga zote. Za Geert niliziweka kwenye usukani, nyekundu kushoto na kijani kulia, kama alivyonisisitizia mwenyewe huku kanishika bega: "Usizibadilishe, shemeji. Ukizibadilisha utagongwa."

6. Daraja. Hapa naomba Kamati isome polepole, kwa sababu barua yako imelieleza tukio hili kwa maneno matano tu, "alichelewa bila sababu ya msingi," na sababu ilikuwepo, tena kubwa.

Jumatano tarehe 26 Novemba, karibu saa kumi na moja jioni, giza limekwisha kuingia na ukungu umelala juu ya mfereji, nilikuwa naenda bwawani kwa ile njia ya kando ya maji. Mwendesha daraja, yule anayeliinua ili vyombo vipite, kutoka kwenye kibanda chake cha juu aliona taa nyekundu na taa ya kijani zikija chini, karibu na maji, kwa mwendo wa taratibu. Alifanya kazi yake. Kengele ikalia, kizuizi kikashuka, daraja likainuka.

Mimi nikafika, nikakuta daraja limeinuka. Nikasimama na wenzangu kungoja chombo kipite. Katika watu wote pale, mimi ndiye niliyenung'unika zaidi. Nilisema maneno juu ya watu wa maboti ambayo nisingependa Geert ayasikie. Dakika kumi zikapita, zikapita kumi na tano. Mimi namngoja mwendesha daraja ashushe, na mwendesha daraja ananingoja mimi nipite. Mwishowe kipaza sauti kikaita, "Nyekundu na kijani hapo chini, unapita au hupiti?" Tukatazama majini sote. Hakukuwa na kitu isipokuwa bata wawili. Kipaza sauti kikarudia, na safari hii watu wakaacha kutazama maji wakaanza kunitazama mimi.

Nilizima taa za Geert. Daraja lilishuka mara moja. Wenzangu waliondoka bila kuniaga.

Nilipofika bwawani watoto wote walikuwa wamekwisha kuchukuliwa. Jikke alikuwa peke yake kwenye benchi, karibu na mlinzi, begi magotini. Hakuwa analia. Alizitazama taa zangu moja baada ya nyingine, akauliza, "Babu, wewe ni boti?" Nikamwambia leo, kidogo. Akapanda kwenye keria, akasema mgongoni kwangu, "Nilidhani umenisahau."

Mwanangu, maneno hayo yameniuma kuliko barua yako na mhuri wake. Ijumaa nilinunua samaki kama kawaida nikashindwa kumla. Ndiyo maana sitaki kusikia kwamba sikuwa na sababu.

Kwa hiyo, kama hoja ni usalama, ushahidi umelala upande wangu. Bila taa sikuchelewa kumchukua hata siku moja. Kwa taa tisa nilifunga barabara na nikaandaa mfereji kwa chombo ambacho hakikuwepo. Ukiongeza ya kumi sijui kitatokea nini. Naomba Kamati, katika kikao chake kijacho, iamue yafuatayo:

(a) Giza lisogezwe. Mwezi Juni jua hapa kwetu linakawia mpaka saa nne usiku, na hakuna anayelihitaji, watoto wanashindwa kulala. Kila Oktoba tunarudisha saa nyuma na hakuna anayeshangaa. Nani kasema tusiisogeze mbele saa tatu, ili Jikke atoke bwawani adhuhuri?

(b) Kama (a) itahitaji ruhusa ya juu, basi, kwa kuwa sisi hatufungi mapazia na kila sebule inaonekana mpaka mlango wa jikoni, kila nyumba kati ya bwawa na kwangu iweke taa yake ya kusomea dirishani siku ya Jumatano. Mji ukiwaka, mimi sina haja ya kuwaka.

(c) Mwendesha daraja apelekewe picha yangu, ya mbele na ya ubavu.

(d) Bata bukini wote wa mfereji wavishwe taa, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, kwa kuwa mpaka sasa ndio pekee walionigonga. Ukaguzi waufanye wanaoweza kuwakamata.

(e) Marufuku dhidi yangu iondolewe mara moja, nami nirudishiwe Jumatano yangu.

Nisalimie mumeo, mwambie ngazi yake bado iko kwangu. Msalimie Bi Oosterhof kwa sauti, kwa kuwa mimi hanijibu. Wasalimie wajumbe wote wa Kamati, hata yule aliyeunga mkono marufuku. Jikke mbusu kwenye paji la uso na umuulize kama siku ya kupewa cheti chake cha kuogelea ni mwezi huu au ujao, ili nipige pasi shati.

Ni mimi, baba yako, asiye na hatia na asiye na safari ya Jumatano,

Harm Tebbens

Nakala kwa:
Shemeji Geert, kwenye boti lake popote lilipotia nanga;
Mwendesha daraja (kwake nimeambatanisha na biskuti);
Jikke, asomewe, ila namba sita arukishwe.

Nyongeza: Barua hii imekufikia jioni kwa sababu nimeileta kwa miguu. Yule chura amezima tangu Alhamisi. Nilikuwa namfunga kila nilipotoka, tangu siku ile ya keki, kwa kuwa anatoa mwanga wa kutosha na hakuna aliyewahi kumdhania kuwa boti. Bila yeye sipandi baiskeli jua likishazama, sithubutu. Njia zetu zimejaa wazee wanaoendesha bila taa. Betri mpya nimeshanunua, ile bapa kama kifungo cha koti, lakini kifuniko chake ni kidogo na vidole vyangu vimeshindwa. Anatakiwa mtu wa miaka sita. Kama ataweza kuja kunibadilishia kabla ya Jumatano saa tisa, futa malalamiko yote, la kwanza mpaka la sita, na bata waache kama walivyo. Nyuma nitafunga ile nyekundu yako ya sanduku jeupe. Iko kwenye chaji hapa jikoni tangu Ijumaa, na naiangalia kila ninapopita. Imejaa.