Sauti Iliyosimama Katikati ya Sebule

Jumatatu, 6 Januari

Mama ameamua. Jumatatu ijayo naanza mafunzo ya mapokezi ya hoteli. Mapokezi! Kusimama nyuma ya meza ndefu na kuwaambia "karibuni sana" watu nisiowajua, kutwa nzima, tena kwa tabasamu. Mimi, ambaye mwalimu akiita majina niliitikia kwa sauti ndogo mpaka nikaandikwa sipo. Nimelia kidogo chooni.

Mama si mkatili. Amesema Mjomba akinichukua rasmi kwenye karakana yake ya spika, habari ya hoteli imekwisha. Nimwombe tu, sentensi moja, kuna ugumu gani? Kwake hakuna. Ni kaka yake. Mimi tangu nimalize mtihani nafagia pale kila siku, na Mjomba anadhani nimekuja kupoteza muda.

Leo ndiyo nimejua siwezi kwenda kokote. Mkunga mmoja mstaafu ameleta spika mbili za zamani. Mbao tupu, zinanifika kiunoni, kitambaa cha mbele kimefifia kikawa rangi ya chai. Anataka kuwa na sinema nyumbani: hizo mbili zikae mbele, moja chini ya televisheni, mbili nyuma ya kochi. Redio akamshauri anunue seti mpya. (Redio ni binamu yangu, mtoto wa Mjomba. Tunamwita hivyo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.) Mkunga akamtazama kama anavyotazamwa mume anayepiga kelele mlangoni mwa wodi. Redio akanyamaza! Sijawahi kuona.

Mjomba akapiga magoti, akavua kitambaa. Sponji inayozunguka koni, ile karatasi inayotoa sauti, imeoza. Aliigusa tu ikamomonyoka kama keki ya wiki iliyopita. Akaisukuma koni yenyewe kwa ncha za vidole. Ikaingia, ikatoka, bila kukwaruza popote. "Bado anapumua huyu," akasema.

Mpango: nitafanya kazi nzuri kiasi kwamba Mjomba ataniomba yeye. Sitasema neno.

Jumanne, 7 Januari

Ukingo mpya. Mjomba alinionyesha mara moja, akaitwa nje, nikabaki peke yangu na koni ya kwanza. Unakwangua gundi ya zamani. Unachomeka vipande vya karatasi ngumu kuzunguka koili, ule waya uliosokotwa nyuma ya koni, ili isimame katikati, isiguse sumaku upande wowote. Nafasi yenyewe ni nyembamba kuliko ukucha! Halafu gundi, halafu ukingo wa sponji, halafu unangoja. Mikono hii hii inayoangusha vikombe haikutetemeka. Nilisahau kuogopa. Nilisahau kula.

Mjomba aliporudi akaibonyeza koni, akatega sikio, akasema "Mm." Kwake hiyo ni hotuba. Bahati mbaya Redio ndiye aliyekuwa ameshika kopo la gundi. Alikuwa anataka kubandika soli ya kiatu! Akapigwapigwa begani yeye.

Mpango wa pili, wa papo hapo. Nikapanga mabaki ya sponji juu ya sahani, kwa mviringo mzuri, nikaiacha mezani kwa Mjomba. Lazima angeuliza ni nani aliyekwangua kwa usafi namna ile. Mkewe akapita kabla yake. Akaapa kwamba panya wametafuna godoro na kulitapika. Sahani imetupwa na vilivyomo, na sasa karakana nzima imetegwa mitego. Redio amenaswa kidole gumba cha mguu. Kwa hiyo siku haikuwa mbaya yote.

Jumatano, 8 Januari

Nimetumwa stoo kutafuta ndugu. Ndivyo anavyosema Mjomba. Spika zote tano lazima ziwe na sauti ya ukoo mmoja. Mvua ikianzia mbele na kumalizikia nyuma ya kochi, iwe mvua ileile, isigeuke njiani ikawa mchele unaomwagwa kwenye sufuria.

Stoo imejaa spika yatima mpaka darini. Nikachukua amplifaya ndogo na rekodi ya mvua, nikaanza kuzijaribu. Moja ina kikohozi. Moja inasemea puani. Moja ilinyamaza kabisa, kisha ikapiga kelele nikaangukia ndoo. Halafu, kwenye kona, chini ya turubai, nikakuta tatu ndogo zenye koni za karatasi ileile ya kijivu. Nikaunganisha ya kwanza. Mvua. Ya pili, mvua ileile. Ya tatu, ileile! Nje jua linachoma mabati, na mimi nimekaa sakafuni kwenye vumbi, nikajikuta nimekinga kiganja ili nione kama kitalowa.

Nilipomsikilizisha Mjomba, alifumba macho. Redio akasema yeye alishaziona hizo zamani. Aliziona! Hata mende wameziona.

Kwa furaha nikasafisha kila kitu, hata migongo ya zile kubwa. Nyuma ya kila spika kuna vishikio viwili vya waya, na kimoja kina nukta nyekundu kuonyesha kwamba ndicho chanya. Kwenye spika moja nilisugua kwa spiriti mpaka nukta ikatoka. Chanya kipi sasa, cha kulia au cha kushoto? Mjomba alikuwa amekaa hapo hapo anakunywa chai. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Isitoshe alikuwa anatafuna. Nikawaza: watu wengi hutumia mkono wa kulia. Nikapaka nukta upande wa kulia kwa rangi ya kucha ya mkewe. Inang'aa kuliko ile ya kiwandani.

Alhamisi, 9 Januari

Jumatatu inakuja mbio na Mjomba hajaniomba kitu. Mama kaninunulia sketi nyeusi ya hoteli. Kaipiga pasi kabisa.

Lakini nimepata mpango, na safari hii ni mpango hasa! Mjomba akijaribu spika hutumia rekodi za watu wakizungumza, kwa sababu, anasema, muziki unaweza kukupaka mafuta lakini sauti ya mtu haidanganyi. Basi nitarekodi ombi langu na kulitia kati ya rekodi zake. Spika zitaomba kwa niaba yangu. Mimi nitakuwa nimesimama kando nikikunja waya.

Nimerekodi ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti, ili pasiwe na mwangwi. "Shikamoo Mjomba. Ni mimi, mpwa wako. Naomba unichukue nijifunze kazi hii. Naipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kukipenda." Mama akafungua kabati. Nikasema natafuta soksi. Akaniangalia, akanifungia mlango taratibu.

Jumamosi, 11 Januari

Sebuleni kwa mkunga. Mama naye kaja, eti kuona kazi yenyewe ikoje kabla sijaiaga. Mlangoni Redio alishamweleza mkunga kwamba ukingo ni yeye, ndugu watatu wa stoo ni yeye, usafi ni yeye.

Mjomba huanza na zile mbili kubwa peke yake. Akachezesha rekodi ya kwanza iliyokuja. Yangu!

Na ilikuwa mbaya. Mbaya mno! Sauti haikuwa na kifua. Ilitoka ukutani, ikatoka nyuma ya masikio yetu, ikazunguka kama mtu anayetafuta choo gizani. Mama alijifunika mdomo kwa mkono, alishanitambua. Mjomba hakusikia hata neno. Alisikia kosa tu. Akazima, akasema spika hizi, mmoja anasukuma mwenzake anavuta, wanakulana sauti. Nani amegeuza waya?

Mkunga akanyoosha kidole kwa Redio. Si yeye aliyefanya kila kitu? Kasema mwenyewe. Redio akageuka jivu. Mjomba akamuuliza, kwa upole unaotisha, kama hivyo ndivyo atakavyoendesha karakana siku moja.

Ningeweza kukaa kimya. Lakini zile spika zilikuwa zinatukanwa bure, na wa kulaumiwa ni mimi. Ulimi ukagoma, basi nikatumia mikono. Nikatoa betri ndogo kwenye kisanduku cha vifaa, nikagusisha waya zake kwenye ile spika yenye nukta yangu. Chanya ya betri ikigusa chanya ya spika, koni hurukia nje. Hii ikazama ndani. Mjomba akaitazama nukta inayong'aa. Akatazama kidole changu gumba, ambacho bado kina rangi ya kucha. Nikabadilisha waya.

Akachezesha tena.

Sijui niandikeje. Kulia kuna spika, kushoto kuna spika, na katikati, juu ya zulia, mahali pasipo na kitu, kulikuwa na msichana amesimama. Nilisikia anavyomeza mate. Nilijua urefu wake. Alikuwa na kifua, alikuwa na miguu, na hakuwa na haya hata kidogo! Sikuamini kwamba naweza kuchukua nafasi kubwa namna ile chumbani. Mkunga alisogea mbele kwenye kochi, akasema, "Haya, sasa kazaliwa."

Kisha zote tano, kwa mvua. Ilianzia kwenye televisheni, ikapita juu ya vichwa vyetu, ikaishia nyuma. Ileile. Mama alivuta miguu yake juu ya kochi isilowe. Redio akakaa kimya mara ya pili katika maisha yake.

Mjomba akamsifu msichana wa kwenye rekodi kwamba sauti yake imesimama wima. Akafunga kisanduku, akaondoka. Ombi langu hajalijibu!

Jumapili, 12 Januari

Sketi nyeusi ilikuwa inaning'inia mlangoni kama hukumu. Mchana Mjomba akabisha hodi. Mkunga alimpigia simu asubuhi kumwuliza kama hana masikio. Msichana yule alikuwa anaomba kitu. Mjomba alidhani ni mchezo wa redioni! Basi akaisikiliza tena, safari hii na maneno.

Akamwambia Mama ananichukua. Alikuwa anangoja niseme tangu siku ya kwanza, maana alidhani nafagia kwa kulazimishwa. Sharti ni moja: nisichokijua niulize, kwa mdomo, hata akiwa anatafuna. Na kesho nianze kwa kumpigia mkunga simu, mimi mwenyewe, kujua spika zinaendeleaje.

Nimeitikia kwa kichwa. Mama ameirudisha sketi kabatini. Nimezunguka nyumba nzima nikigusa vitu.

Jumatatu, 13 Januari

Siku ya kwanza rasmi! Nina meza yangu. Nimekuwa mtu mwingine kabisa. Nilijiandaa kwa ile simu bila woga wowote.

Nilijirekodi mapema, kabatini. Saa ya kupiga ilipofika nikaifungulia simu sauti, nikaiweka mbele ya spika nzuri kuliko zote karakanani, nikabonyeza. "Shikamoo mama." Hapo nilikuwa nimeacha nafasi. "Marahaba," akajibu mkunga, ndani ya nafasi ile ile! "Ningependa kujua spika zinaendeleaje," ikasema sauti yangu, imenyooka, ina kifua.

Mkunga akasema ya nyuma kushoto imekufa tangu asubuhi, na sebule nzima inanuka kuungua.

"Nafurahi sana kusikia hivyo," nikasema. "Karibu tena."

Mjomba ameondoka mbio na kisanduku cha vifaa, kaacha chai inafuka. Kosa nimeshaliona. Nilirekodi jibu moja tu. Kesho narekodi matatu: la furaha, la pole, na la harufu ya kuungua.