Kopo la Karata la Mama

Jumapili, 4 Agosti

Wiki ya saba bila Mama. Leo tumegawana vitu. Dada kachukua cherehani. Sawa, yeye ndiye mkubwa. Mumewe, yaani Shemeji, mwalimu wa hesabu aliyestaafu lakini hajaacha, kachukua redio kabla hajaulizwa. Mjomba, kaka yake Mama, kachukua kigoda na kukikalia hapohapo kisije kikabadilishiwa mtu. Mimi nimepata ndoo mbili na pasi. Pasi haina waya.

Likabaki kopo. Kopo la biskuti, kifuniko kimepinda, ndani karata na daftari la matokeo. Miaka thelathini, kila Jumamosi jioni, kopo lile lilitua mezani na sisi tukasogeza viti. Wote tunalitaka. Shemeji akapendekeza kura. Mjomba akakumbusha kwamba yeye ndiye mzee. Dada akakata maneno: Jumamosi hii tucheze mara ya mwisho, kwenye meza ileile, mshindi aondoke nalo, kisha yeye akabidhi funguo kwa mwenye nyumba.

Nikainamisha kichwa kwa huzuni. Huzuni ya kweli, ila chini yake nilikuwa napiga mahesabu. Kopo likienda kwa Dada, Jumamosi zetu zitahamia kwake, ng'ambo ya mji. Shemeji ataweka ratiba. Siku moja watasahau kunipigia. Likija kwangu, watalifuata kwangu. Nina chumba kimoja na kibanda cha kutengeneza saa, na tangu Mama atutoke sijala mezani na mtu. Lazima nishinde.

Jumatatu, 5 Agosti

Kibandani tangu asubuhi. Wateja wawili. Mmoja alitaka betri ambayo sina. Wa pili aliuliza ni saa ngapi.

Nimepata mpango! Mchezo wetu ni mwepesi. Mtu akiweka, tuseme, kopa, anayemfuata aweke kopa au namba ileile, akikosa, anaokota. Wa kwanza kumaliza karata mkononi kashinda. Basi ukijua wenzako wameshika nini, umewamaliza. Nitazitia karata alama. Tundu la sindano pembeni, dogo, la kuonwa na jicho la fundi saa tu. Moja kopa, mawili uru, matatu shupaza, pau niziache. Karata ikishikwa mbele ya mwanga, tundu litang'aa. Katika ukoo huu hakuna mwingine mwenye kichwa cha namna hii.

Kasoro moja: kopo liko nyumbani kwa Mama na funguo anazo Dada. Nimempigia. Nimemwambia saa ya ukutani ya Mama inachelewa, ni aibu kucheza mchezo wa mwisho chini ya saa inayodanganya. Kisha akasema nifuate funguo Jumatano, na nile kabla sijaenda maana hata sauti yangu imekonda. Muuguzi huyo. Kwenye simu pia anapima watu.

Jumatano, 7 Agosti

Nyumba ya Mama inanuka vumbi na mafuta ya cherehani. Imebaki meza na viti vinne, mali ya mwenye nyumba, na saa ukutani. Nilitaka kukaa kidogo kwenye kiti cha Mama, nikakumbuka hakuwa na kiti. Kila Jumamosi alihama. Mara upepo unampiga mgongoni, mara taa inamuumiza macho, mara goti linataka kunyooshwa. Mjomba alimpachika jina la Abiria. Tulikuwa tunamcheka sana. Leo nimevikalia viti vyote vinne, kimoja kimoja, na sikupata nafuu.

Nikashusha saa, nikaiviringisha kwenye shuka, nikaitia kwenye mfuko mkubwa, kopo chini yake. Natoka mlangoni, nani? Shemeji na gari lake! Eti Dada kamtuma anisaidie mzigo. Njia nzima ananieleza kwa asilimia jinsi mtu anavyoweza kushinda karata kwa bahati tupu. Mimi nimeukumbatia mfuko. Saa ikaamka. Ilikuwa saa kumi jioni, mshale kwenye nne, ilipaswa kugonga mara nne. Ikagonga mara kumi na moja, na kila ilipogonga kopo likaitikia.

Shemeji akauliza mna nini kingine humo. Nikasema ni kengele za akiba. Akatazama barabara, akasema hakujua kwamba saa zina kengele za akiba. Nikamjibu kwamba hesabu si kila kitu. Akaniteremsha kwangu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimefunga kibanda mapema. Hakuna aliyelalamika. Nikavaa kioo cha jicho, kile cha kukuzia vitu vidogo, nikashika sindano, nikavuta karata ya kwanza: saba ya kopa. Tundu lipo.

Nikadhani nimetoboa nikasahau. Nikavuta ya pili, malkia wa uru. Matundu mawili. Nikazimwaga zote mezani. Zote zina alama, isipokuwa pau, ndogo, safi, zimepangwa kwa umbali sawa. Tena za zamani, nyingine zimeziba kwa uchafu wa vidole vyetu. Sindano ya cherehani hiyo. Katika nyumba yetu aliyeshika sindano ni mtu mmoja tu.

Mama alikuwa anaiba! Ilibidi nikae. Kisha nikafungua daftari nione alituibia kiasi gani. Miaka thelathini, mwandiko wa Shemeji, mistari kwa rula. Mama alishinda mara nne. Nne! Mtu anaona karata za meza nzima, halafu anashinda mara nne?

Nikatafuta ushindi wangu. Mwaka alioondoka mke wangu nilishinda Jumamosi tisa mfululizo. Wakati ule nilidhani uchungu umeninoa akili. Nikaendelea kufunua. Dada alipokoseshwa cheo hospitalini, Dada alishinda. Mjomba alipoachishwa kazi ya gari la mkate, Mjomba, mwezi mzima. Shemeji alipostaafu na kuwa haongei na mtu, Shemeji. Na Mama anahama kiti. Anakaa kabla ya yule mwenye shida, anaziona karata zake, akiona ana kopa anamwekea kopa. Anamlisha mkononi. Na yule anapiga meza, anajisifu, anamwambia Mama ajitahidi wiki ijayo. Nimehesabu. Mara nyingi kuliko wote, yule alikuwa mimi.

Nimelia mpaka kioo cha jicho kikalowa. Nimemkumbuka Mama vibaya sana leo. Baadaye nikatulia, nikaona upande mzuri: kazi ya kutoboa imeshafanyika. Nimeokoa jioni nzima.

Ijumaa, 9 Agosti

Mjomba kapita kibandani, mkanda wa saa yake umekatika. Nikamtajia zile safari zetu za gari la mkate. Mara moja kwa mwaka, mimi na Dada nyuma, juu ya makreti matupu, giza, harufu ya mkate, tunagombania kreti lisilo na msumari. Mama mbele na Mjomba. Anafungua kidirisha, anatutangazia: sasa tunavuka daraja refu, sasa tunapanda mlima, jamani twiga huyo! Kwa muda wa saa tatu tunatikisika. Kisha mlango unafunguliwa, na mbele yetu ziwa. Tunakula mkate wa jana tukiwa tumelowa. Maishani sijafika mbali kama kule.

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Akasema lile ni bwawa la maji ya bomba, nyuma ya kiwanda cha mkate. Mwendo wa dakika kumi. Yeye alikuwa anazunguka soko, raundi baada ya raundi, kwa amri ya Mama, kwa sababu watoto wakifika upesi watajua ni karibu. Daraja refu? Matuta ya barabarani. Mlima? Alikuwa anapandisha gurudumu moja ukingoni. Na twiga? Akafikiri. Akasema labda nguzo ya simu.

Nimemwambia uzee umeanza kumchanganya. Yule twiga nilimsikia kwa masikio yangu akitembea. Mjomba akaacha kucheka. Akauliza, huku anaangalia mkanda wake, eti baada ya kesho tutakuwa tunaonana wapi. Nikasema itategemea mchezo. Akasema haya, mjomba, akaenda polepole, na saa ameisahau mezani kwangu.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimewahi, funguo bado ninazo, nikarudisha kopo na saa mahali pake. Saa tisa wote tumefika. Hakuna aliyemaliza chai aliyoleta Dada. Nikachagua kiti kinachoelekea dirisha, ili mwanga upite kwenye karata zao. Dada alikuwa upande wa pili. Mara akainuka, akasema upepo unampiga mgongoni, akabadilishana kiti na Shemeji, akaja kukaa kwenye kiti cha kabla yangu. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Sikutilia maanani, nilikuwa na kazi.

Karata zikagawiwa. Nikakodoa macho. Hakuna tundu hata moja! Yaani yapo, ila macho yangu ya miaka hamsini na miwili hayayaoni ng'ambo ya meza. Nilijiandaa. Nikatoa kioo cha jicho, nikakivaa. Shemeji akapinga, akasema karata si saa. Dada akasema niachwe, kila mtu ana namna yake ya kufiwa. Nikatazama. Ukungu mtupu! Kioo cha jicho kinaona sentimita tano. Miaka ishirini na tano ya ufundi, kioo kimoja hichohicho, na hilo nimelisahau. Shemeji amegeuka doa la kijivu. Doa la kijivu linapanga karata kwa utaratibu.

Nikajua nimekwisha. Nikakivua kioo, nikacheza hivyohivyo. Dada akaweka kopa, ninayo kopa. Dada akaweka shupaza, ninayo shupaza. Akaweka uru, hiyo hapo uru yangu. Mara mkono umebaki mtupu! Mizunguko mitatu, yote mitatu yangu. Nikapiga meza. Nikamuuliza Shemeji asilimia zake ziko wapi. Nikamwambia Dada amezidi kucheza ovyo, ajitahidi siku nyingine. Mjomba akamtazama Dada muda mrefu. Dada akafuta macho kwa kiganja, akasema hongera mdogo wangu. Shemeji akaandika ushindi wangu daftarini, akapiga mstari kwa rula.

Tukashusha saa, wakaniachia mimi, tukatoka. Dada alifunga mlango mara mbili, kufuli ile haishiki mara ya kwanza. Pale nje akanishika mkono. Akasema Jumamosi yoyote nikitaka waje nipige simu tu, niseme njooni. Haihitaji sababu. Nikamwambia nitaangalia nafasi yangu.

Jumapili, 11 Agosti

Madirisha yalikuwa yamefungwa.

Hilo limenijia asubuhi nikiwa napiga mswaki, nikashindwa kuendelea. Dada anajua alama. Sijui Mama alimfundisha lini. Labda hospitali, wiki zile za mwisho, wakati mimi nilikuwa nje naangalia saa ya ukumbini iliyosimama na kuwalaumu wauguzi. Dada naye alilitaka kopo. Ameniachia, karata moja moja, na mimi nikamwambia acheze vizuri. Nimeona aibu. Pia nimefurahi. Aibu ndiyo imeisha kwanza.

Mchana nimepanga chumba. Nina kiti kimoja, nimeongeza ndoo mbili za Mama, nimezifudikiza, na sanduku la vifaa. Sehemu nne. Nikagawa karata za watu wanne, nikacheza mikono yote, nikihama. Nimekuwa wa mwisho. Wameshinda ndoo.

Ijumaa, 16 Agosti

Wiki nzima nimeshika simu. Namba ya Dada naiona hapo juu. Nimefanya mazoezi kibandani: njooni. Mteja wa betri akadhani namwita, akaja, bado sina betri. Ukweli ni kwamba naogopa. Nikiwaambia njooni wakasema wana shughuli, nitakuwa nimejua, na mtu akishajua hawezi kurudi kutojua. Kesho ni Jumamosi. Siwezi kukaa tena na ndoo.

Kwa hiyo leo asubuhi nimewaandikia wote watatu, ujumbe mmoja. Nimesema kwa masikitiko kwamba saba ya kopa imepotea. Ilikuwepo tulipoanza kucheza. Simtuhumu mtu. Ila kesho saa kumi wote wafike kwangu, karata zihesabiwe mbele ya mashahidi, na asiyekuja tutamwelewa.

Shemeji amejibu kwa hasira, aya tatu, zina namba. Safi! Atakuja kujitetea. Mjomba ameuliza kama aje na kigoda, na kama saa yake iko kwangu. Dada ameandika tunakuja, na kwamba ataleta chakula, maana ananijua.

Nimefagia. Nimetundika saa ya Mama, inagonga inavyotaka. Ndoo nimezifuta mara mbili. Saba ya kopa iko kwenye mfuko wa shati langu, naisikia ninapoinama. Ndoo ya kushoto atakaa Shemeji. Nitaiweka chini yake kabla hawajafika, na ikikutwa hapo, Jumamosi ijayo itabidi waje tena ili tumsamehe.