Komenti Elfu Moja Chini ya Sigara Yangu

Kwa Ndugu Mkurugenzi,
Idara ya Udhibiti wa Tumbaku.

YAH: KUAIBISHWA MTANDAONI KWA SABABU YA KANUNI ZAKO

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na pumzi za kutosha. Mimi ni fundi cherehani. Nashona suti ghorofa ya kwanza, chumba kinachotazamana na ngazi. Kwa miaka ishirini na miwili nimepiga pasi kwa mkono wa kulia na kushika sigara kwa wa kushoto, na sijawahi kukosea mkono.

Kisha zikaja kanuni zako: marufuku kuvuta mahali pa kazi, marufuku kuuza sigara moja moja. Nilikasirika kiungwana. Nikajipiga picha na sigara mdomoni, nikaiweka kwenye ukurasa wa mtaa wetu na maneno haya: “Mapafu yangu, kikohozi changu, serikali inawashwa na nini?” Kufikia saa sita mchana nilikuwa na laiki mia tatu na moja. Fundi viatu wa chini alipanda ngazi kuja kunipa mkono. Nikajiona kiongozi. Yaliyofuata ndiyo ninayoyalalamikia.

1. Mama mkwe ana simu. Hili sikulijua. Aliandika mbele ya umma: “Mwanangu, si uliniapia kwamba uliacha kabla ya harusi?” Harusi ilikuwa miaka kumi na minne iliyopita. Idara yako, iliyoweka picha za mapafu kwenye pakiti, ingeweka na picha ya mama mkwe kwenye simu, mtu angetahadhari mapema.

2. Wateja wangu, watu ambao vipimo vya viuno vyao nimevitunzia siri, walijitokeza. Karani mmoja alieleza kwamba alikwenda kwenye usaili na suti yangu, akaulizwa kama nyumba yao imeungua. Bwana harusi naye akasema bibi harusi alipiga chafya tangu mlangoni hadi kwenye keki. Wote hao walichukua suti zao wakitabasamu. Kwa nini hawakusema siku ile? Kwa sababu hapakuwa na kanuni. Wewe ndiye uliyewapa ujasiri.

3. Fundi viatu aliondoa laiki yake. Nimehakiki, zimebaki mia tatu.

4. Hapa naomba uketi. Binti yangu wa miaka tisa hufanya kazi zake za shule pembeni ya meza yangu ya kukatia nguo. Alichukua simu ya mama yake akaandika: “Baba akikohoa mimi huhesabu. Jana zilifika arobaini na moja.” Basi. Hakuna tusi, hakuna hata alama ya mshangao. Komenti hiyo ilipata laiki elfu mbili, ikanishinda mimi mwenye picha. Mke wangu alihamishia kiti cha mtoto nyumbani bila kunitazama, na chumba kikawa kikubwa kuliko nilivyowahi kukipima.

Kwa hiyo nadai kanuni zote zifutwe. Mitandao ivutwe, samahani, itumike umbali wa mita kumi kutoka kwenye familia za watu. Walio chini ya miaka kumi na minane wasiuziwe bando. Ukishindwa hayo yote, basi niandikie barua rasmi, yenye muhuri, kuthibitisha kwamba kikohozi changu ni cha vumbi la vitambaa. Nitaibandika ukutani, kimo cha mtoto wa miaka tisa.

Nisalimie wote hapo ofisini, wanaovuta na wanaojificha.

Ni mimi niliyeonewa,
Fundi Suti,
mkabala na ngazi.

Tanbihi: Barua hii imekaa mfukoni siku kumi na tisa, na siku zote hizo sijavuta. Juzi uzalendo ulinishinda, nikashuka dukani kuomba moja tu. Muuza duka akasema siku hizi ni pakiti nzima au hakuna. Nikanunua penseli ya mtoto, nikapanda ngazi bila kupumzika katikati. Kipengele hicho cha sigara moja moja nakuomba usikiguse, hata nikikuandikia tena kukulaumu.