Vita vya Gramu na Kobe wa Katuni

Tegeni masikio, enyi mlioketi na enyi mliosimama kwa kukosa viti! Zimeni redio, teremsheni sufuria, maana habari hii ikishaanza hairudi nyuma kumsubiri mtu. Ni habari ya Gramu, mkaguzi wa mizani, Tishio la Wauza Sukari, Mwenye Kalamu Nyekundu, aliyeingia vitani Jumamosi saa tisa alasiri katika ukumbi wa sinema, safu ya sita, kwenye kiti kinacholia kikikaliwa.

Jueni kwanza chanzo cha vita. Shujaa huyu alikuwa amesahihisha mizani za watu miaka kumi na saba, akazoea kusahihisha hata visivyopimika. Alisahihisha matangazo ya misiba. Alimsahihisha mama mkwe wake katikati ya dua. Na binti yake wa miaka mitano, aliyechanganya juzi na kesho kutwa, akawa anasema "Tutaenda kwa bibi juzi," alimsahihisha mara moja, mara mbili, mara ishirini, mpaka mtoto akafunga mdomo. Siku ya tisa ilikuwa inatimia bila mtoto kumwambia baba yake neno. Kila alichotaka alikipitisha kwa mama, kama nchi zilizovunja uhusiano zinavyopitisha barua kwa jirani.

"Mama, mwambie baba anipe chumvi."

"Baba huyo hapo, mwambie mwenyewe."

"Sitaki. Mwambie wewe."

Chumvi ilikuwa sentimita kumi na mbili kutoka mkono wa Gramu. Alikwisha kukadiria.

Ndipo mkewe, Jemadari wa Nyumba, alipotoa amri. "Leo unampeleka mtoto kuangalia katuni. Wewe, si mimi."

"Vibonzo," akasema Gramu.

"Unaona? Ndiyo ugonjwa wenyewe huo! Nenda. Na ukimrudisha kimya kama alivyotoka, mimi nami nitaanza kukupitishia salamu kwa jirani."

Basi shujaa akatoka, silaha zake zikiwa miwani, kalamu na dharau. Kwake yeye filamu za namna hiyo zilikuwa kelele zilizopakwa rangi, na mkakati wake ulikuwa kulala kwa heshima. Mlangoni mwa ukumbi akaupima mfuko wa bisi kwa kiganja, akautangazia umma kwamba umepungukiwa gramu thelathini.

"Mzee," akanena muuza bisi, mtu wa ujasiri wa kupigiwa mfano, "hizi ni bisi, si dhahabu. Pita."

Taa zikazimwa. Akatokea kobe. Kobe huyo alikuwa fundi saa, mwenye miwani kama ya Gramu na, jambo lililomkera kidogo, kitambi kama chake. Katika mji wote wa wanyama hapakuwa na saa aliyoiona imekosea akaiacha. Usingizi ukamtoka Gramu.

"Huyo ndiye mtu!" akatamka.

"Kaka, huyo ni kobe," akasema mama mmoja wa safu ya nyuma, mwenye mtoto mchanga mapajani. "Nyamaza tuone."

Kisha akaja bata bibi kizee, na saa ya ukutani iliyochelewa dakika kumi. Aliomba ifutwe vumbi tu. Kobe, kwa wema wake wote, akairekebisha. Bata alipoitazama alikaa chini sakafuni. Marehemu mumewe ndiye aliyeichelewesha makusudi, ili asitoke kwenda kazini kabla hawajamaliza chai. Bata hakupaza sauti wala hakumlaumu mtu. Alichukua saa yake sahihi akaenda zake, na tangu siku hiyo hakuna aliyempelekea kobe kitu.

Naam, hapo ngome ikavunjwa! Pua ndiyo iliyoanguka kwanza, jicho la kushoto likafuata, na la kulia, lililosifika kwa kugundua jiwe la mizani lililochongwa kupunguzwa uzito, likasalimu amri bila masharti. Gramu akasaka leso mifukoni akapata kalamu nyekundu.

"Kaka, unalia?"

"Ni vumbi."

"Vumbi gani, na kiyoyozi kinavuma hivi?"

"Dogo tu," akajibu mkaguzi, kwa mara ya kwanza bila kutaja kipimo. Yule mama akampitishia nepi safi ya mwanawe. Shujaa akapenga.

Akatazama mpaka mwisho, mpaka kobe alipobisha mlango wa bata na kuurudisha mshale wa saa ile nyuma kwa mkono wake mwenyewe. Taa zilipowaka, Gramu alitoa hukumu ambayo wauza sukari wa mji ule waliisikia mara chache sana: "Uzito kamili."

Nje, binti alitangulia hatua mbili, kisha swali likamponyoka kabla hajakumbuka kwamba yuko vitani.

"Baba, tutakuja tena juzi?"

Akaziba mdomo kwa mikono miwili, akamtazama.

Sahihisho likainuka kama jeshi kutoka tumboni mwa Gramu, likapita kifuani, likafika kwenye meno. Miaka kumi na saba ya utumishi ililisukuma kwa nyuma. Ulimi ulikwisha kuikunja "ke" ya kesho kutwa. Watu wakawa wanampita huku na huku. Akalimeza zima zima, pamoja na bisi moja.

"Tutakuja juzi," akasema. "Juzi hiyo hiyo."

"Mama anasema wewe katuni huziwezi."

"Vi..." Akakohoa. "Katuni naziweza sana."

Basi iandikwe, na mwandishi asifute: siku hiyo, saa kumi na dakika arobaini, kosa moja lilipita mbele ya mkaguzi wa mizani likiwa hai, likamshika mkono, likavuka naye barabara.