Kufungwa kwa Kituo Kilichofungwa

Kitengo cha Ufungaji wa Vituo Vilivyofungwa kiliutangazia umma, kwa furaha isiyo kifani, kwamba kituo cha reli cha Kafr el-Hilba, kilichofungwa miaka ishirini na miwili iliyopita, sasa kitafungwa. Wananchi waliombwa kuwa watulivu.

Wananchi wa Kafr el-Hilba walikuwa watulivu mno. Walikuwa wanapandikiza mpunga, maji yamewafika magotini, na tangazo lenyewe lilikuwa limebandikwa Kairo.

Aliyeingiwa na kiwewe ni Metwalli peke yake, mkuu wa kituo. Kwa haki alipaswa kustaafu miaka mitatu nyuma, ila barua yake ya kustaafu ilitumwa kwa treni, na treni haisimami kwenye kituo kilichofungwa. Basi akabaki kazini, kofia kichwani, akiishi na mkewe Nabawiyya katika nyumba ya kituo na kufuga katika vyumba vya abiria. Bata bukini walikaa daraja la kwanza, bata wa kawaida daraja la tatu. Metwalli alikuwa mtu wa kanuni. Kituo kikifungwa kweli, nyumba inachukuliwa, nao watahamia kwa mtoto wao Iskandaria, ghorofa ya sita, chumba kinachotazama ukuta.

"Mimi ghorofani sipandi," alisema Nabawiyya. "Nikitaka kwenda juu nitangoja Mungu aniite."

Pamoja na hayo, Kitengo kilidai historia kamili ya kituo, nakala saba, maana serikali haiziki kitu kisicho na wasifu. Metwalli aliandika wiki nzima. Aliandika, bila kumchukia mtu, kwamba kituo kilijengwa na pasha mmoja, mkubwa wa zama za wafalme, ambaye mama mkwe wake alikuja kumtembelea siku tatu akakaa miaka miwili. Reli ikaletwa ili mama mkwe asiwe na kisingizio cha kukaa. Siku ya ufunguzi bendi ilipiga, mama mkwe akapandishwa, pasha akatokwa na machozi ya furaha, na jioni treni ikamrudisha kwa kuwa alikuwa amesahau miwani. Baadaye zikaja treni mbili kwa siku. Kisha ikawa moja. Kisha moja inayopunguza mwendo tu. Kisha moja isiyopunguza mwendo ila inapiga honi, mpaka honi nayo ikaonekana ni ubadhirifu.

Jumatatu Tume ya Kitengo iliwasili kwa gari. Tume ilikuwa Mkurugenzi Mkuu, Raafat Bey, na karani wake Lutfi, kijana aliyekuwa akikitazama kiti cha bosi wake kama mtu anayepima kitambaa cha suti. Walikaa daraja la kwanza. Bata bukini hawakupisha.

Raafat Bey hakuisoma historia. "Nzuri sana," alisema, akatoa mhuri mfukoni.

"Samahani, mkubwa," Lutfi alisema huku akifunua daftari la tiketi. "Kifungu cha kumi na nne. Kituo hakifungwi iwapo kuna abiria aliyeondoka na tiketi ya kwenda na kurudi, naye hajarudi. Huyu hapa. Aliondoka miaka thelathini na minane iliyopita. Mwanafunzi, Raafat Abdel-Dayim Shalqami."

Majina hayohayo, yote matatu, yalikuwa chini ya tangazo la Kitengo.

"Majina hufanana," alisema Raafat Bey.

Nabawiyya, aliyekuwa akiwatilia chai, akainama akamtazama upande. "Na masikio nayo hufanana? Wewe si mtoto wa marehemu Umm Raafat? Ulisema unakwenda kufanya mtihani unarudi Alhamisi."

"Mama, mimi ni mtu wa Kairo."

"Hebu mwache," Metwalli alimwambia mkewe. "Mtihani huenda ulikuwa mrefu."

Lutfi alikuwa ameshaanza kuandika. Kalamu ile ilimtia Raafat Bey jasho kuliko jua la Julai. Ikaamuliwa kanuni itimizwe: abiria atarudi rasmi, kwa treni, Alhamisi, ndipo kituo kifungwe. Amri ya kuisimamisha treni mara moja tu ikatolewa siku hiyohiyo.

Alhamisi saa nne asubuhi treni ilisimama, mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na miwili. Raafat Bey akashuka na Lutfi wake. Kijiji kizima kilikuwa kwenye jukwaa. Metwalli alipokea amri iliyosimamisha treni, akaandika daftarini "amerudi, kachelewa kidogo," kisha akatazama mhuri ukipigwa. Nabawiyya alikuwa tayari anafunga magodoro. Roho ilimuuma Metwalli hata akashindwa kuaga bata.

"Kazi imekwisha," alisema Raafat Bey. "Treni ya kurudi Kairo ni saa ngapi?"

"Inapita saa nane, Bey," alijibu Metwalli. "Ila haisimami."

"Kwa nini?"

"Kituo kimefungwa."

"Basi niletewe gari."

Lutfi alikohoa kwa adabu. "Waraka wa tisa, mkubwa. Wakubwa wa Kitengo hawatumii gari mahali penye reli. Uliutia saini mwenyewe juzi." Na kalamu ikatoka.

Hapo ndipo shangazi yake Raafat Bey, Bibi Hanim, alipomshika mpwa wake mkono. Alikuwa na malalamiko ya miaka thelathini na minane na hakuwa na haraka. Alianza na mazishi ya Umm Raafat ambayo mwanawe hakuhudhuria, akapita harusi kumi na moja. Saa sita wakampa suruali ya kukunja, wakamwonyesha shamba la marehemu babake na safu za mpunga zinazomngoja. Saa saba, matope yamemfika magotini, Mkurugenzi Mkuu aliomba karatasi, akaandika kwa mkono wake, akaiegemeza mgongoni mwa Lutfi na kuipiga mhuri: kituo cha Kafr el-Hilba, kilichofungwa saa nne, kimefunguliwa, pamoja na mkuu wake, nyumba yake na vifaa vyake vyote hai.

Nabawiyya akafungua magodoro.

Treni ilipotokea, Metwalli aliinua bendera nyekundu, kisha akavuta droo ya tiketi na kumpa Raafat Bey moja. Raafat Bey akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Hii ni ya kwenda na kurudi. Nipe ya kwenda tu."

"Zimebaki hizo tu, Bey. Za kwenda zilikwisha, vijana wote walizichukua."

Lutfi alikuwa amefungua kifungu cha kumi na nne, anakisoma upya, taratibu, kwa furaha. Bibi Hanim akamfuta mpwa wake tope shavuni kwa ncha ya mtandio.

"Haya, nenda mwanangu," alisema. "Tutakungoja Alhamisi."