Joto la Miguu ya Robi

Jumatatu, 27 Januari

Hali ni mbaya. Robi alipiga simu jana baada ya ibada. Baridi inamtesa miguu!

Niandike vizuri, maana daftari hili ni la vipimo vya wateja na leo nimeanza kulitumia kwa mambo mazito. Binti yetu Robi yuko Norwe kwa mwaka mmoja, chuo cha vijana, kwa mpango wa kanisa. Huko watu wanafunga mbao mbili ndefu miguuni, wanapanda mlima wa theluji, halafu wanateleza kushuka. Kwa hiari yao! Robi alijaribu siku moja mwezi uliopita. Vidole vya miguu vikafa ganzi, akajifungia chooni kulia. Sasa tarehe 17 Februari darasa zima linakwenda mlimani wiki nzima. Mwalimu kasema asiyeweza anaruhusiwa kubaki bwenini. Robi anataka kubaki. Jengo zima, peke yake.

Mimi Hezron Machage ni fundi viatu. Miaka ishirini na sita navisha miguu ya watu wa Musoma. Mwanangu abaki bwenini kwa sababu ya miguu? Haiwezekani.

Afadhali nilimpa soksi. Siku anaondoka nilipiga magoti palepale stendi, jua la saa sita, nikamvalisha pea tatu kwa mikono yangu, moja juu ya nyingine. Nikamwagiza asipunguze hata moja. Watu walicheka. Nadhani alizivua kabla basi halijafika Bunda. Ila bila soksi zile, leo vidole vingekuwa vimekatika.

Nitamtengenezea buti.

Jumanne, 28 Januari

Danford ameshajua. Danford ni kaka wa mke wangu Dorkas, anauza viatu vya mitumba Bunda mjini, anakaa Kabasa. Alipiga simu kuniambia nisihangaike. Eti kwenye belo moja alikuta buti halisi za kuteleza kwenye theluji na kaziweka ndani miezi minne. Eti mjomba yupo.

Mjomba yupo! Baba naye amekwenda wapi?

Dorkas kasema nishukuru. Nimeshukuru, kwa kifupi.

Bahati iko upande wangu. Petronila, nesi wa Butiama anayefanya kazi mji uleule alipo Robi, yuko nyumbani kwa likizo. Anarudi Jumanne ya tarehe 11. Mzigo utapita kwake.

Alhamisi, 30 Januari

Siku ya utafiti. Nilijiuliza, Musoma hii baridi ya kufanyia majaribio iko wapi? Jibu: mwaloni, kule ufukweni wanakoshusha samaki, kwenye makasha ya barafu ya sangara.

Leonardi, mzee anayepiga koleo barafu ile miaka kumi na minane, alinikubalia kasha moja la barafu lisilo na samaki. Nilivaa soksi pea tatu, nikaingiza miguu kwenye viatu vyangu vya kanisani, vikabana kabisa. Nikafurahi. Kubana maana yake baridi haina pa kupita. Nikasimama ndani, barafu hadi kwenye magoti. Dakika ya nne, maumivu. Dakika ya tisa sikusikia kitu chochote, nikadhani nimeshinda. Kumbe ni ganzi. Walinitoa watu wawili.

Leonardi akaniambia wao wanavaaga soksi moja tu, ya sufu, kavu, ndani ya gambuti yenye nafasi ya kuchezesha vidole. Pea ya akiba iko mfukoni, ikiloa tu wanabadilisha. Ukibana mguu, kasema, damu haishuki, na ni damu ndiyo yenye moto.

Nilimsikiliza kwa heshima. Lakini yeye ni mtu wa samaki. Samaki hawatelezi mlimani.

Hitimisho la utafiti: pea tatu hazitoshi. Ziwe tano.

Jumamosi, 1 Februari

Nyamuswa kwa binamu yangu, kutafuta ngozi ya kondoo yenye manyoya. Wazungu wanatumia hiyo, nimeona kwenye simu. Kumbe kondoo wetu hawana manyoya ya maana, wana vinywele vifupi tu. Nimewaona maisha yangu yote sijawahi kuwakagua. Binamu aliniuliza kwa upole kama nyumbani wote ni wazima.

Nimechukua ngozi mbili hivyohivyo, mbichi. Abiria wa basi walifungua madirisha yote.

Jumatatu, 3 Februari

Nimekata ngozi leo. Kipimo sikuhangaika kutafuta, kimo humuhumu. Kila Desemba nilikuwa namsimamisha Robi kwenye ukurasa mmoja wa daftari hili, nachora mguu wake kwa penseli, kwa ajili ya viatu vya Krismasi. Ukurasa wa kwanza ana miaka sita. Kidole gumba kimepotoka kwa sababu alikuwa anacheka, penseli inamtekenya. Wa mwisho nilichora Agosti, asubuhi ya safari, ana miaka ishirini na mbili na hakucheka. Mguu wa kushoto unazidi wa kulia kidogo. Tunaojua hilo ni watatu tu, yeye, Dorkas na mimi.

Miguu yake ilikuwaga ya baridi tangu zamani, hata hapa. Masika alikuwa anakuja kitandani kwetu na kunibandika nyayo mgongoni. Nilipiga kelele kila mara. Sikuwahi kumfukuza.

Nilikaa na kurasa zile mpaka gundi ikakaukia kwenye kopo.

Jumatano, 5 Februari

Sitaki kuandika habari za leo.

Naandika kwa ufupi. Nilishona buti nyingine ya saizi yangu ili nifanye jaribio. Soksi tano, ngozi ya kondoo, ngozi ya ng'ombe juu. Mwaloni tena. Barafu ikalowesha ngozi. Nilipotoka nikakaa juani kupata nguvu. Ngozi mbichi ikiloa kisha ikakauka, hujikunja na kubana. Fundi yeyote anajua. Mimi pia najua. Nilisahau.

Zilinibana miguu yote miwili, hazivuliki. Leonardi alizichana kwa kisu cha kupasulia sangara, taratibu, huku mbwa sita wamekaa mbele yetu wanangoja. Alirudia ile habari ya soksi moja. Nikamwambia ajali hii haihusiani na soksi.

Dorkas alinikanda miguu kwa maji ya moto. Mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko.

Ijumaa, 7 Februari

Danford kaja na buti zake. Plastiki ngumu, vishikizo vinne vya chuma, nzito kama tofali. Alizivaa ili atuonyeshe. Alipiga hatua tatu uani akaangukia kwenye kapu la dagaa la Dorkas. Nilipomsaidia kuzivua ndipo nikagundua. Zote mbili za kushoto!

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikaona hacheki. Alikuwa amekaa chini na buti mapajani. Akasema hakuwahi kuzipanga pamoja, alikuwa anaziangalia tu. Akasema Robi ndiye mtoto pekee anayempigiaga simu bila shida yoyote, kumsalimia tu, na yeye alitaka mtoto akishuka mlima ule awe na kitu cha mjomba wake miguuni.

Nikaona aibu. Nikamletea chai na kiti.

Kikombe cha pili, wazo likaja. Mguu wa kushoto wa Robi si ndiyo mkubwa? Basi buti mbili za kushoto zitamtosha kote kuwili! Ndani tunabandika ngozi yangu ya kondoo. Baba na mjomba katika buti moja. Danford alinikumbatia. Dorkas alitutazama akarudi jikoni.

Jumapili, 9 Februari

Butiama, mimi na Danford, tumevaa za kanisani. Petronila alitupokea vizuri sana. Akapima mzigo. Kilo saba. Nafasi aliyonayo ni kilo mbili. Akanusa. Akasema ngozi ile haitavuka uwanja wowote wa ndege duniani. Kisha, kwa sauti ya kinesi, akatuambia kwamba buti kule mlimani zinaazimishwa. Kila saizi. Tangu mwanzo.

Danford aliangalia kofia yake.

Petronila akatuonea huruma, akasema tumpe kitu chochote kidogo, atamfikishia. Hatukuwa na kitu. Nilikuwa na daftari hili tu. Nikachana ukurasa wa Agosti. Kuuchana kuliniuma, nisidanganye. Nikaandika chini: wape watu wa buti kipimo hiki, kushoto kunazidi. Danford akaandika jina lake pembeni na kuchora moyo usiofanana na moyo. Nikaongeza: vaa soksi tano.



Alhamisi, 20 Februari

Robi amepiga. Kutoka mlimani! Kumbe alikwenda!

Karatasi ilimfikia Ijumaa. Alisema amekwenda nayo mlimani kwa sababu aliona haya kubaki bwenini wakati miguu yake imesafiri kutoka Butiama. Mzee anayeazimisha buti aliitandika mezani, akaipima na rula, akasema hajawahi kuletewa kipimo kizuri namna ile. Akampa buti za saizi ya mguu wa kushoto. Halafu akamwangalia miguuni akauliza soksi zote hizo za nini. Robi akajibu baba yangu alisema.

Mzee akamwambia moja tu. Ya sufu, kavu, vidole vicheze. Ukibana, damu haishuki.

Nilikaa kwenye kigoda.

Robi akaniomba msamaha. Eti kavua pea mbili kati ya zile tatu za stendi bila ruhusa yangu. Miguu ikapata joto siku nzima, kaanguka mara kumi na moja na hakulia hata mara moja. Nikamwuliza kwa nini hakuzipunguza siku ile ya kwanza mlimani, alipokuwa anaumia. Akasema, "Baba, si ulinivalisha wewe?" Nikamwambia nilidhani siku ile ya stendi alizivua kabla ya Bunda, akakataa. Alizivua Mwanza, na alilia. Pea mbili zilizobaki anazivaa akilala, kwa sababu kule hakuna mgongo wa mtu.

Nilimpa Dorkas simu nikaenda kusimama nyuma ya nyumba. Kwa hiyo ni mimi. Baridi yote ile aliyoivumilia ni mimi niliyemvisha, na aliivumilia kwa sababu ni mimi. Nimelia. Dorkas alikuja akanishika mkono akasema Baba Robi, mtoto yuko salama, njoo ule.

Ijumaa, 21 Februari

Nimeamka na nguvu mpya. Jana kabla ya kukata simu Robi alimwambia mama yake kwamba sasa kinachosumbua ni mikono kidogo.

Mikono!

Danford ana glavu kwenye belo, saizi tatu tofauti. Ndogo inaingia ndani ya ya kati, ya kati ndani ya kubwa. Tatu kwa mpigo, zibane vizuri. Nimemwomba Leonardi anitengee kasha la barafu Jumatatu. Alianza kusema wao mikononi wanavaaga glavu moja tu. Sikusubiri amalize.

Tatizo ni kipimo. Mikono yake sijawahi kuichora. Nimemtumia ujumbe aweke kiganja kwenye karatasi, achore, ampe mtu yeyote anayekuja. Kanijibu kwa vicheko vingi na kusema, sawa Baba.

Pale nilipochana ukurasa nimeacha nafasi.