Skafu Isiyotaka Kwisha

Jumatatu, 3 Juni

Habari kubwa! Mwalimu aliyepanga chumba cha mbele hapa kwa Shangazi amehama. Chumba kina madirisha mawili, kabati la ukutani na mlango wake mwenyewe. Mimi mwaka wa nne huu nalala chumba cha nyuma, ukuta mmoja na pampu ya maji, ambayo huanza kunguruma alfajiri na haina siku ya mapumziko. Chumba cha mbele ni haki yangu.

Kikwazo ni kimoja tu: Pasi. Huyu ni mtoto wa baba mkubwa, anakaa chumba cha juu, na jina hilo amelipata kwa kunyoosha hata soksi. Naye anakitaka. Shangazi amesema atatoa uamuzi baada ya Jumamosi ya wiki ijayo, siku atakapotimiza miaka sabini. Kisha akaongeza, kama vile hana habari, kwamba siku hiyo hataki zawadi za dukani. Anataka kitu mtu alichotengeneza kwa mikono yake. Huo ni mtihani. Pasi hata hajagundua.

Jumanne, 4 Juni

Nesi mstaafu, jirani yetu wa mkono wa kushoto, anafundisha kufuma barazani kwake. Masomo matatu, kwa wasiojua kitu kabisa. Nikaenda kimyakimya baada ya kazi. Nikamkuta Pasi kiti cha mbele, daftari mapajani. Mnafiki mkubwa!

Somo la kwanza: kuanzisha vitanzi. Unavipanga ishirini kwenye sindano. Mimi nilivipata mara ya tano tu. Nesi akatushauri tuanze na kitu kidogo, kwa mfano kitambaa cha kushikia sufuria. Pasi akaandika na kupigia mstari. Kitambaa cha sufuria! Mtu anatimiza miaka sabini, unampa kitu cha kushikia sufuria? Mimi nafuma skafu.

Jumatano, 5 Juni

Uzi sina. Nimepekua stoo Shangazi alipokwenda kliniki. Chini kabisa ya sanduku la bati, ndani ya foronya safi, pamoja na kipande cha sabuni ya kunukia, nikakuta sweta la kiume la bluu. Ni wazi halina mwenyewe. Kola na ncha za mikono zilikuwa zimechakaa, nikazikata, nikazitupa. Gari la taka likapita papo hapo. Bahati!

Lililobaki nimelifumua lote. Madonge saba. Uzi umejikunjakunja, lakini nani atauliza? Kiwiko kimoja kilikuwa chekundu. Pambo la bure.

Alhamisi, 6 Juni

Somo la pili: kufuma mstari na kurudi. Nina kipaji. Nesi aliitazama kazi yangu, akavua miwani, akaifuta, akaitazama tena, nadhani kwa mshangao. Somo la tatu ni Jumamosi: kufunga vitanzi, yaani kumaliza. Hilo halinihusu. Mtu aliyejua kuanza atashindwaje kumaliza? Pasi aende akapoteze asubuhi yake. Mimi nitakuwa nafuma.

Jumatatu, 10 Juni

Nafuma hata kazini, chini ya kaunta ya vifurushi pale posta. Skafu sasa imevuka magoti. Jambo moja la ajabu: imepanuka. Ilianza upana wa kiganja, sasa ni kama taulo. Nikahesabu vitanzi. Sitini na tatu! Nilianza na ishirini, na sikumbuki kuongeza hata kimoja. Vimezaana. Basi, nimeamua tangu mwanzo ilikuwa shali.

Ule wekundu umetokea katikati. Maridadi!

Tatizo ni kumaliza. Nimechomoa sindano kidogo tu kujaribu. Vitanzi sita vikakimbia kwenda chini kama vimeitwa. Nikapiga ukelele mbele ya foleni. Mama mmoja aliyeleta kifurushi akaniuliza kama nimejichoma. Nikavikamata, nikavirudisha, jasho linanitoka. Kwa hiyo sina budi kuendelea kufuma mpaka akili inijie.

Jumatano, 12 Juni

Nimemwendea Nesi. Nikamweleza kwamba nina rafiki, mtu makini sana, ambaye kwa sababu zisizo zake hajui kufunga vitanzi. Nesi akasema rafiki aje mwenyewe na kazi yake, atamwonyesha kwa dakika tano. Nikasema rafiki amesafiri. Akasema basi atamsubiri arudi.

Niliporudi nyumbani nikakuta stoo yote iko uani. Shangazi anatafuta sweta. La marehemu mumewe! Alilifuma yeye, mwaka walipooana, na kiwiko alikifuma upya kwa uzi mwekundu kwa kuwa wa bluu ulikuwa umemwishia. Anataka kulivaa Jumamosi.

Nikajitia hamnazo, nikamsaidia kutafuta saa mbili nzima. Nilitazama mpaka nyuma ya friji. Shangazi akanishika bega akasema heri mimi ninayemjali. Pasi alikuwa chumbani kwake ananyoosha mashati.

Ijumaa, 14 Juni

Kulirudisha sweta haiwezekani. Kuungama? Hapana, chumba kitaniponyoka. Nimepiga moyo konde. Nimechukua ua moja la plastiki kwenye chombo cha pale mapokezi kazini, nikalishonea juu ya ule wekundu. Sasa hakionekani kiwiko wala alama yake. Sindano nimeiacha humohumo. Madonge nayo yamekwisha, kwa hiyo angalau hilo limejimaliza lenyewe.

Jumamosi, 15 Juni

Sebule ilijaa. Pasi akatoa kitambaa chake cha sufuria. Kidogo, pembe nne, zote zimenyooka. Watu wakapiga makofi ya adabu. Nikaifungua shali. Sebule nzima ikaguna! Mtu akauliza sindano ni ya nini. Nikasema ndiyo mtindo wa sasa, ni ya kutundikia. Nesi akapaliwa na soda.

Shangazi hakucheka. Aliushika uzi, akaupapasa, akaunusa. Kisha akang'oa ua. Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba hiki ni kiwiko cha mume wake.

Akalia. Mbele ya watu wote. Nilitamani sakafu inimeze. Sijawahi kujiona mbaya kiasi kile, na naandika hivyo bila kujitetea. Akajifunika ile shali mabegani, sindano inaning'inia, akakaa nayo mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka. Nilikosa hata hamu ya keki. Nilikula vipande viwili tu.

Jumapili, 16 Juni

Hukumu imetoka. Chumba cha mbele ni cha Pasi.

Mimi nikaanza kuomba msamaha, nimeandaa maneno ya kutosha. Shangazi akanikatiza. Akasema hataki samahani, anataka sweta. Nifumue kila kitu, nilifume upya mbele ya macho yake, kila siku saa kumi na moja jioni, hukohuko chumba cha mbele kwa kuwa ndiko kwenye mwanga. Pasi amekubali, ila ameomba nivue viatu mlangoni.

Nimeyastahili yote. Naweka nadhiri hapa kwa kalamu: hila basi. Mimi ni mtu mpya.

Jumanne, 18 Juni

Somo la kwanza na Shangazi. Kumbe ni mwalimu mpole. Akanisimulia jinsi marehemu alivyounguza kile kiwiko kwenye jiko akijifanya anajua kupika, na jinsi alivyoficha mkono mgongoni wiki nzima. Tukacheka wote wawili. Nikamwambia kwa dhati sweta litarudi kama lilivyokuwa.

Akasema kabla ya yote anifundishe kufunga vitanzi, kwa kuwa ndicho nisichokijua. Nikamwambia asijisumbue, hilo nimeshalielewa. Nikatoka kidogo kunywa maji.

Kuna jambo dogo sijamweleza. Uzi hautatosha, kwa sababu ya kola na zile ncha za mikono nilizotupa. Lakini nilipopita uani nimeona sweta kwenye kamba, bluu ileile, limenyooka vizuri sana, limeanikwa peke yake tangu asubuhi.

Ni wazi halina mwenyewe.